Chumba cha mita 40 uwanja wa ndege: nichukue au niache?

Swali: "Nina duka la bidhaa ndogondogo mjini, huu ni mwaka wa tisa. Uwanja wa ndege umetangaza zabuni ya chumba cha mita za mraba 40 kwenye ukumbi wa kuondokea, mkataba wa miaka mitano. Wanataka asilimia 25 ya mauzo au kima cha chini walichokipanga wao, kile kitakachokuwa kikubwa. Tangazo linasema uwanja unapitisha abiria milioni 2 kwa mwaka. Wafanyabiashara wenzangu wanasema hiyo ni dhahabu, mume wangu anasema ni mtego. Nimsikilize nani? Tena kuna jambo linanikosesha usingizi: bei za maduka ya kule zinatisha, na mimi sitaki kuitwa mwizi."

Jibu: Dada yangu, asante kwa kuuliza kabla ya kutia saini. Wengi hunijia wakiwa wameshaweka dhamana ya benki, na hapo kazi yangu hugeuka kuwa ya kupunguza hasara tu. Nilianza kazi hii nikiwa keshia wa zamu ya alfajiri, nikaja kusimamia maduka, na sasa kazi yangu kubwa ni kuwasomea watu hati za zabuni mstari kwa mstari. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Tuanze na hiyo milioni 2, maana ndiyo iliyowapa wenzako uchu. Viwanja vya ndege huhesabu anayeondoka na anayewasili pia. Anayebadilisha ndege huhesabiwa mara mbili, akishuka na akipanda. Chumba chako kiko upande wa kuondokea. Anayewasili hatakiona kabisa. Yeye anawaza begi lake na usafiri wa kumfikisha nyumbani. Basi milioni 2 tayari imekuwa milioni 1. Gawa kwa siku 365, unapata watu 2,740 kwa siku. Sasa uliza: ukumbi huo ni wa safari za ndani au za nje? Tuseme ni wa ndani, na safari za ndani ni asilimia 40 ya abiria. Umebaki na watu kama 1,100. Uliza tena: kila abiria wa ukumbi huo lazima apite mbele ya mlango wako, au mageti yamegawanyika pande mbili? Yakigawanyika nusu kwa nusu, unazungumzia watu 550. Mmoja katika kila kumi akinunua kitu, hao ni wateja 55 kwa siku.

Mwenzako aliyesoma tangazo peke yake angegawa milioni 2 kwa 365 na kuchukua moja ya kumi, akapata wateja 548. Ni chumba kilekile na uwanja uleule, ila hesabu ya pili ni mara kumi ya ile ya kwanza. Makisio haya ni yangu, ya kukuonyesha njia. Ya kwako lazima yatoke kwenye takwimu za uwanja wenyewe, na unayo haki ya kuziomba katika kipindi cha maswali ya wazabuni.

Hata hao 550 bado si wateja. Ni watu wenye dakika. Kwangu mimi hili ndilo kiini cha biashara yote ya uwanja wa ndege, na mtu aliyezoea duka la mjini huchelewa kulielewa kwa sababu mjini mteja akikosa muda leo atarudi kesho. Abiria hatarudi. Mfuate kwa saa: amefika saa mbili kabla ya ndege kuruka, sawa na dakika 120. Kaunta ya mizigo imekula 25, ukaguzi wa usalama 20, hati 10. Zimebaki 65. Kupanda ndege kunaanza dakika 35 kabla ya kuruka, kwa hiyo zake ni 30. Atakwenda msalani, atapiga simu, atatafuta geti lake. Toa 10. Dakika 20 zilizobaki zinagombewa na mgahawa, duka la manukato, kiti cha kupumzikia, simu yake na wewe. Sasa mashine moja ya ukaguzi iharibike, foleni iongezeke dakika 15. Umeachiwa dakika 5, na hujakosea lolote. Nimeona mauzo ya asubuhi nzima yakiyeyuka kwa sababu mkanda mmoja wa mizigo ulikwama, ilhali rafu zilikuwa zimejaa na wafanyakazi wamesimama tayari.

Ndiyo maana ukitembea viwanja vingi utaona maduka makubwa yamewekwa mara tu baada ya ukaguzi, tena mara nyingine njia yenyewe inapita katikati ya duka, kwa kupinda. Mtu kabla ya ukaguzi ana wasiwasi: hati iko wapi, begi limezidi kilo, mkanda wa suruali utalia au hautalia. Akishavuka hupumua, na pumzi hiyo ndiyo inayofungua pochi. Kadiri anavyosogea getini wasiwasi unarudi, lakini sasa ni wa namna nyingine: anahofia kukosa kitu angani. Hapo hununua maji, chaja, vidonge vya kichwa, nepi, biskuti za mtoto. Havinjari. Anajua anachotaka na anataka atoke. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa wenye uwanja liwe: chumba hiki kiko hatua ngapi kutoka kwenye ukaguzi, na hatua ngapi kutoka geti la mwisho? Bila jibu hilo huwezi hata kujua upange bidhaa gani.

Biashara ya dakika haikuzaliwa na ndege. Mwaka 1848 W. H. Smith walifungua kibanda cha vitabu na magazeti katika stesheni ya reli ya Euston, London, kwa ajili ya watu wanaongoja treni. Miaka 177 baadaye, mwaka 2025, kampuni hiyohiyo iliuza maduka yake ya mitaani Uingereza na kubaki na yale ya viwanja vya ndege, stesheni na hospitali. Hilo liwe upande wa wenzako wanaosema dhahabu. Kampuni iliyoyajua maduka ya mtaani kwa zaidi ya karne moja iliona afadhali iyaache, ibaki na msafiri.

Lakini msikilize na mume wako, kwa sababu mtego aliounusa upo, nao uko kwenye yale maneno "kile kitakachokuwa kikubwa".

Asilimia ya mauzo peke yake ni pango la haki. Ukiuza sana unalipa sana, ukiuza kidogo unalipa kidogo, na mwenye uwanja anakuwa mbia wako wa kweli kwenye jua na mvua. Kima cha chini ndicho kinachoubeba mzigo wote wa hatari na kukutwisha wewe. Chukua mfano bila kutaja sarafu. Kima cha chini ni 30,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 25, unakigusa ukiuza 120,000. Tuseme faida yako ghafi, baada ya kulipia bidhaa, ni asilimia 45. Ukiuza 120,000 faida ghafi ni 54,000, toa pango 30,000, unabaki na 24,000 za mishahara, umeme, bima, marejesho ya mkopo na wewe mwenyewe. Ukiuza 160,000, pango ni 40,000, unabaki na 32,000. Vizuri. Sasa mauzo yashuke hadi 80,000. Faida ghafi ni 36,000, pango halikushuka, limebaki 30,000. Una 6,000 mkononi na zamu mbili za wafanyakazi wa kulipa. Ile asilimia 25 uliyoafikiana nayo imekuwa 37.5 na hakuna aliyebadilisha hata neno moja la mkataba.

Kwa hiyo kabla ya kubishania asilimia, ambayo ndiyo kila mzabuni hubishania, tafuta mauzo yanayohitajika ili kima cha chini kilingane na asilimia. Kwenye mfano wangu ni 120,000. Kisha ugawe kwa siku, halafu kwa wateja wako halisi, wale 55 au wowote watakaotoka kwenye hesabu yako. Ikiwa kila mteja lazima anunue vitu vinne ili ufike hapo, na wewe unajua dukani kwako mtu huchukua viwili, jibu umeshalipata na hukuhitaji mtaalamu.

Angalia pia kima hicho kinavyopanda. Mikataba mingi hukipandisha kila mwaka kwa mfumuko wa bei. Marekani imezoeleka kukifunga kwenye mwaka uliopita: kima kipya kinakuwa asilimia 85 ya pango ulilolipa mwaka jana, ilimradi kisishuke chini ya kile cha mwanzo. Maana yake ukifanya vizuri mwaka wa pili, unajiwekea ngazi ya juu zaidi mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu ukiwa mbaya ngazi hiyo inabaki palepale. Si jambo baya lenyewe. Baya ni kulisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mhasibu wa uwanja.

Usidhani makampuni makubwa hayanaswi. Lotte, jina kubwa mno kwenye maduka yasiyotozwa ushuru, walirudisha sehemu kubwa ya nafasi zao kwenye jengo la kwanza la uwanja wa Incheon, Korea Kusini, mwaka 2018. Waliweka dau kubwa wakitegemea wasafiri kutoka China. Mvutano wa kisiasa kati ya nchi hizo mbili ukawapunguza wasafiri hao, lakini pango likabaki lilivyoandikwa. Walikuwa na wanasheria na wachambuzi wa kila aina. Wewe una mume mwenye wasiwasi, na kwa hili ninamheshimu.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi Aprili abiria wa ndege duniani walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Fikiria kima cha chini katika mwezi huo. Viwanja vingi vilikubali kusamehe au kuahirisha pango, vingine kwa hiari, vingine baada ya wapangaji kufunga milango. Marekani ilifika mahali Bunge likaingilia kati: sheria ya Machi 2021 ilitenga dola milioni 800 ili viwanja viwapunguzie pango wapangaji wao, na milioni 640 kati ya hizo zilikuwa kwa wapangaji wadogo. Tangu hapo mikataba iliyoandikwa kwa busara ina kifungu cha anguko la abiria: wakishuka chini ya kiwango fulani kwa miezi kadhaa mfululizo, kima cha chini kinasimama na unalipa asilimia tu. Kama hati yako haina kifungu hicho, omba kiwekwe. Wakikataa, waulize sababu kwa maandishi. Ningependelea zaidi kima kinachohesabiwa kwa kila kichwa cha abiria kuliko namba moja ya mwaka, kwa sababu abiria wakipungua nacho kinapungua chenyewe bila ugomvi. Ombi hilo linafaa kujaribiwa, hata kwa chumba kidogo.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji janga la dunia. Niliwahi kusimamia duka dogo lililotazamana na mageti manne. Asubuhi shirika moja la ndege lilikuwa likirusha safari tano kutoka pale, na robo tatu ya mauzo yetu ilitoka kwenye saa hizo. Siku moja ikaja barua ya aya mbili: shirika lile linahamia upande wa pili wa jengo. Ndani ya wiki tatu mauzo yalikatika zaidi ya nusu. Tulikwenda kwa wenye uwanja na mkataba mkononi, wakatuonyesha kifungu kinachosema ugawaji wa mageti ni uamuzi wao peke yao. Kilikuwepo. Tulikisoma tukakipita. Tulilipa kima cha chini miezi 14 kwa mageti matupu, na wasichana wawili niliowafundisha kazi mimi mwenyewe tukalazimika kuwaachisha. Tangu siku hiyo sisomi mkataba bila kuuliza: geti likihama, pango linahamaje? Uliza pia kama wenye uwanja wana haki ya kukuhamisha wewe chumba, na ukihamishwa gharama ya kujenga upya ni ya nani.

Kujenga kwenyewe kunastahili maneno. Chumba utakachokabidhiwa huenda ni sakafu na kuta tu. Michoro yako itapitishwa na wahandisi wao, vifaa lazima visishike moto haraka, mafundi wako watahitaji vibali na pengine watafanya kazi usiku ukumbi ukiwa mtupu. Yote haya yanapandisha gharama kuliko ujenzi wa mjini. Mwisho wa miaka mitano, kwa kawaida, kilichofungwa ukutani ni mali ya uwanja. Chukua gharama nzima ya ujenzi, igawe kwa miezi 60, iweke kwenye ile hesabu ya juu kama mshahara wa mtu mmoja zaidi. Na uhakikishe pango linaanza siku unayofungua mlango, lisianze siku unayopewa ufunguo.

Sasa lile la bei.

Naliheshimu sana swali lako hili. Wapo wanaodhani bei kubwa ni tamaa tupu, na wapo wenye maduka wanaodhani abiria hawana haki ya kulalamika. Ukweli ni kwamba gharama za kule ni kubwa kweli. Umeshaiona robo ya mauzo inayokwenda kwenye pango. Kila katoni inapita ukaguzi wa usalama kama begi la abiria, mara nyingi kupitia bohari maalumu na kwa saa zilizopangwa; lori likichelewa limechelewa. Stoo ni ndogo, kwa hiyo unaletewa mzigo mara nyingi na kidogokidogo. Mfanyakazi hawezi kuanza kazi kesho kwa sababu leo umempenda. Anachunguzwa kwanza, anapewa kitambulisho cha kuingilia maeneo ya ndani, na kusubiri huko kunaweza kuchukua wiki. Duka linafunguliwa kabla ya ndege ya kwanza na kufungwa baada ya ile ya mwisho, hata ikichelewa.

Hata pango lenyewe lina upande wake wa pili. Kabla ya janga la 2020, takwimu za baraza la kimataifa la viwanja vya ndege, ACI, zilionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya mapato ya viwanja duniani hayatokani na ndege bali na maduka, maegesho ya magari, upangishaji na matangazo. Kuna nchi ambako mapato yote huingizwa kapu moja, hivyo fedha za maduka hupunguza ada ambazo mashirika ya ndege hulipa kwa kutua. Kuna nyingine ambako makapu ni mawili, na fedha za maduka hubaki kwa mwenye uwanja. Nakueleza haya ujue unajadiliana na mtu ambaye bajeti yake imeegemea kwenye pango lako. Hatalipunguza kirahisi, lakini pia hataki chumba kitupu chenye pazia.

Hata hivyo gharama si leseni ya kumkamua mtu aliyefungiwa. Agosti 2006 Uingereza iligundua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, na kutokana na hilo abiria wa sehemu nyingi duniani hawaruhusiwi kupita ukaguzi na chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100. Chupa yake ya maji tumemnyang'anya. Kumuuzia nyingine kwa mara tatu ya bei ya mtaani ni kumtoza faini kwa kutii sheria, na mimi siungi mkono. Hata wakubwa wamejifunza hili. Jengo jipya la abiria la Pittsburgh, Marekani, lilipofunguliwa mwaka 1992, maduka yake yaliendeshwa kwa ahadi kwamba bei hazitazidi za mjini. Watu walinunua kwa moyo mweupe na uwanja ukapata sifa dunia nzima. Desemba 2024 India ilifungua mgahawa wa bei nafuu, Udan Yatri Cafe, katika uwanja wa Kolkata, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu bei za chai na maji. Mwenye duka asipojizuia mwenyewe, ipo siku serikali itakuja kumzuia.

Nikushauri ninavyofanya mimi. Chagua bidhaa kumi ambazo kila mtu anaijua bei yake hata akiamshwa usiku: maji, soda, gazeti, pipi za kutafuna, biskuti ya kawaida, na kadhalika. Hizo ziweke karibu kabisa na bei ya mjini, na uweke kibandiko cha bei kinachosomeka kutoka mlangoni. Faida yako itafute kwenye vitu ambavyo mtu habebi bei yake kichwani na ambavyo kuvisahau nyumbani kumevifanya vya lazima: mto wa shingo, chaja, plagi ya kubadilishia umeme, soksi, kufuli la begi, spika za masikioni. Abiria akiona maji yako hayamdhulumu, ataiamini bei ya chaja. Akiona maji yamemdhulumu, atatoka bila chaja pia, na atamsimulia aliyeketi naye. Ila soma kwanza mkataba: viwanja vingine vina kanuni yao ya bei, kwa mfano bei ya mtaani na nyongeza isiyozidi asilimia 10, na hukagua kwa kulinganisha na maduka matatu wanayoyachagua wao.

Lingine ni ushindani wa maji yenyewe. Uliza kama kuna mabomba ya bure ya maji ya kunywa ukumbini, mashine za kuuza vinywaji, na nani mwingine ana ruhusa ya kuuza chupa. Uliza pia kuhusu mashine mpya za ukaguzi zinazoona ndani ya begi kama picha za hospitali; pale zinapofungwa na kuidhinishwa, kanuni ya mililita 100 huanza kulegezwa. Kwa msafiri ni neema. Kwako, ikiwa theluthi ya mauzo yako ni maji, ni jambo la kuwekwa kwenye hesabu ya mwaka wa tatu.

Usichanganye duka lako na yale yasiyotozwa ushuru. Yale ni kazi nyingine, yenye leseni ya forodha na bohari chini ya uangalizi, na historia yake mwenyewe iliyoanzia Shannon, Ireland, mwaka 1947 kwa wazo la Brendan O'Regan, wakati ndege za kuvuka Atlantiki zilipotua pale kujaza mafuta. Hata yao huzimwa kwa kalamu: tarehe 1 Julai 1999 Umoja wa Ulaya ulifuta mauzo hayo kwa safari za baina ya nchi wanachama. Na ukiwa duka la kawaida, usiombe pasi ya kupandia ndege kwa mteja kama sheria haikulazimishi. Mwaka 2015 Uingereza ilizuka hasira kubwa abiria walipojua kwamba baadhi ya maduka yalikuwa yakitumia pasi zao kudai nafuu ya VAT bila kuwapunguzia bei. Hasira ile ilikuwa ya haki.

Kuhusu uendeshaji sitakufundisha mengi, wewe ni muuzaji wa miaka tisa. Nitasema moja tu. Mjini wateja hutiririka. Uwanjani huja kwa mawimbi. Ndege tatu za alfajiri zinaweza kukuletea nusu ya mauzo ya siku ndani ya saa moja na nusu, halafu ukae mpaka mchana ukipanga rafu. Abiria akiona watu watano kwenye foleni anarudisha maji kwenye rafu na kuondoka. Kwa hiyo weka watu kwenye wimbi, uwe na sehemu mbili za kulipia hata kama mita 40 zinakubana, na bidhaa zinazotoka sana ziwe karibu na mkono wa mtu anayeingia na begi la magurudumu bila kugeuka. Mwaka 2021, katika uwanja wa Dallas Love Field, Marekani, kampuni ya maduka ya Hudson ilifungua duka ambalo mteja anachukua na kutoka bila kupita kwa keshia, kamera zikihesabu. Huhitaji kamera hizo, ila umeona wamewekeza kwenye kitu gani: dakika mbili za foleni.

Nani mkweli basi? Kwa zabuni kama ulivyonieleza, mume wako. Sisemi biashara ni mbaya. Nasema tangazo hilo halijakupa hata taarifa moja unayohitaji. Wenzako watakuwa wakweli iwapo majibu yatakuja mazuri: chumba kiko baada ya ukaguzi, kila abiria wa ukumbi anapita, kima cha chini kinafungamana na idadi ya abiria, na mashirika ya ndege unayoyategemea ni zaidi ya moja. Hapo ningekuambia weka dau, tena kwa ujasiri. Likikosekana la kima cha chini, ningejadiliana. Likikosekana la abiria kupita mlangoni, ningeacha, hata wakinipa asilimia 15.

Inawezekana pia atakujia mmoja wa wale wakubwa wanaoendesha maduka ya viwanja vya ndege, Avolta, Lagardère au kampuni ya aina hiyo, akutake uwe mbia mdogo ndani ya zabuni yake. Usikatae haraka, maana wanajua kununua kwa bei ya jumla na wana mitaji ya kusubiri. Lakini dai uingie kwenye uendeshaji, uone mauzo kila siku na usaini hesabu. Jina lako likiwekwa ili zabuni ipendeze tu, siku ya hasara deni litakujua wewe pia.

Wiki hii fanya jambo moja. Nunua tiketi ya safari fupi kabisa ya asubuhi, ya bei ndogo kuliko zote, maana bila tiketi huwezi kuvuka ukaguzi. Ingia saa nne kabla ya ndege kuruka. Kaa mkabala na chumba hicho na daftari. Andika kila dakika 15: wangapi wamepita, wangapi wanatembea haraka na wangapi wanazurura, wangapi wana chupa mkononi na wameinunua wapi. Tazama ubao wa safari, andika geti la kila ndege. Rudia siku nyingine, jioni. Kisha ukae na mume wako mezani, wekeni karatasi hizo pembeni ya kima cha chini, mgawanye. Maswali yatakayobaki yapeleke kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho ya ufafanuzi iliyo kwenye hati ya zabuni, si baada. Wakishafunga dirisha hilo, kifungu kitabaki kama kilivyo. Ukipata majibu yao nitumie, pamoja na ukurasa wa pango na ule wa ugawaji wa mageti. Nitakusomea.